Shina na tarehe ya kufumua: namna ya kuchagua msuko usio na kazi nyingi

Wakubwa shikamooni. Wasusi, wanafunzi wa saluni, na akina mama mlioacha shughuli zenu kuja hapa, karibuni sana.

Swali tulilopewa leo ni hili: kwa nywele zetu za kipilipili, mtindo gani hauna kazi nyingi? Jibu nalitoa sasa hivi ili tupate muda wa kulichambua. Msuko rahisi kutunza unajulikana kwa mambo mawili: mzigo unaobebwa na shina la nywele, na tarehe ya kufumua iliyopangwa kabla kitana hakijagusa kichwa. Mtindo unaitwaje na rasta, yaani nywele za bandia za kusukia, ni za bei gani, hayo yanafuata nyuma.

Wengi hupima kazi ya msuko kwa saa za kukaa saluni. Hebu tupige hesabu yote. Rasta za ukubwa wa wastani huchukua kama saa 5 kusuka, saa 3 kufumua, na saa 2 nyingine za kuchambua, kuosha na kukausha. Ukizivaa wiki 6, ni saa 10, yaani chini ya saa 2 kwa wiki. Sasa chukua twende kilioni ya nywele za mkono, yaani bila rasta, mistari minane kwenda kisogoni. Inasukwa kwa dakika 40, inafumuliwa kwa dakika 15, na kuosha na kukausha ni kama dakika 45. Ukiirudia kila wiki, hiyo ni saa moja na dakika 40 kwa wiki. Ni karibu sawasawa! Tofauti ni kwamba twende kilioni haina mzigo wowote wa rasta, na ngozi ya kichwa unaiona kila wiki. Kwa hiyo mtu anayesema "sina muda, nisukeni rasta" mara nyingi hajaokoa muda. Amehamisha tu kazi ya wiki sita na kuiweka katika siku mbili. Kwa mwenye kazi ya zamu au safari hilo lina faida kubwa. Kwa mwenye nywele nyembamba zilizokwisha kuchoka, halina.

Kwa nini nywele hizi zinataka kushikwa kidogo? Unywele wetu, ukiukata na kuutazama kwa hadubini, si duara. Umebapa, na unatoka kwenye kishimo kilichopinda, ndiyo maana unajikunja. Kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu. Mafuta yanayotengenezwa na ngozi hayateremki kirahisi kwenye mikunjo hiyo, kwa hiyo ngozi inaweza kuwa na mafuta tele huku ncha zikiwa kavu kabisa. Kila unapochana, mikunjo hukwaruzana na kukatika. Faida ya msuko ni kupunguza idadi ya siku ambazo kitana kinapita. Msuko hauoteshi nywele. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, mara nyingi pungufu kidogo kwa nywele za Kiafrika, ziwe zimesukwa au hazijasukwa. Kinachobadilika ni kiasi kisichokatika.

Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa haziwezi kuanguka, zinakwama ndani ya msuko. Wiki 6 ni siku 42, kwa hiyo siku ya kufumua utakuta nywele 2,100 hadi 4,200 zinatoka kwa pamoja. Ni fumba kubwa la mkono, na mteja analia kwamba rasta zimemnyonyoa. Tazama unywele mmoja mmoja: ukiona kitone cheupe upande mmoja, huo umedondoka kwa wakati wake. Ukiwa mfupi na hauna kitone, umekatika, na hapo ndipo tuna la kujadili.

Sasa twende kwenye mzigo. Ugonjwa wa nywele kung'oka kwa kuvutwa ulielezwa kitabibu tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza. Si laana ya nywele zetu, ni matokeo ya kuvuta. Huanza ukingoni, juu ya masikio na kando ya paji la uso. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walionyesha kwamba hatari inakuwa kubwa zaidi pale nywele zenye dawa zinaposukwa au kusukiwa rasta. Dawa ya kulainisha inavunja vifungo vinavyoupa unywele nguvu, kisha sisi tunautundikia uzito. Kama una dawa, chagua twende kilioni au mabutu yaliyolegea, na subiri angalau wiki 2 baada ya kuritachi, yaani kupaka dawa upya kwenye nywele zilizoota, kabla ya kusuka chochote.

Msusi, kipimo chako ni hiki, kifanye kabla mteja hajainuka kitini. Mwambie ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, ainamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Kisha tazama kwenye mashina ya ukingoni. Ngozi ikiinuka kama kihema kidogo kuzunguka shina, msuko huo umekaza. Fumua hiyo mistari, usimwambie "utalegea kesho". Msuko unaomlaza mtu na Panadol umekosewa. Vipele vyeupe vikitokea siku ya pili au ya tatu, tiba ni kufumua. Mafuta hayatasaidia, yatafunika vijishimo vilivyokwisha kuvimba.

Na nywele changa za ukingoni ziacheni nje. Ziacheni kabisa, upana wa nusu sentimita, hata mteja akisema mstari haujanyooka.

Kuhusu rasta zenyewe. Zile zinazoanza na fundo huweka uzito wote kwenye shina tangu siku ya kwanza. Zisizo na fundo, ambazo saluni wanaita notilesi, huanza na nywele za mtu mwenyewe: suka mizunguko 3 ya nywele tupu, ongeza uzi mwembamba wa rasta, suka mizunguko 2, ongeza tena, mara 3 au 4 mpaka unene utakaotosha. Zinaongeza saa moja hadi mbili za kusuka, lakini shina linabaki laini na mteja analala usingizi usiku huohuo. Gawa viboksi vya sentimita 2 kwa 2. Viboksi vikiwa vidogo na rasta nene, nywele chache zinabeba mzigo mkubwa, na hilo ndilo kosa ninalolitaka likome kwenye saluni zetu. Urefu uishie mgongoni juu, si kiunoni: rasta ndefu zikilowa maji uzito wake huongezeka sana, na shingo nayo inauma.

Wapo wanaowashwa kichwa siku mbili tu baada ya kusuka. Mara nyingi ni kemikali zilizobaki kwenye nyuzi za plastiki. Usiku wa kabla, loweka rasta kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, siki sehemu 1 kwa maji sehemu 4, dakika 30. Suuza mpaka harufu ipungue, zitundike zikauke. Usizisugue, zitajifunga.

Utunzaji wa katikati ni mdogo kama mtu atafanya machache bila kukosa. Kila baada ya wiki 2 osha ngozi ya kichwa. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha shampuu na kikombe cha maji, weka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye njia, sugua kwa nyama ya vidole, si kucha. Suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha, kwa sababu shampuu iliyobaki ndiyo inayokuwa unga mweupe unaodhaniwa mba. Kwa wale wa Dar es Salaam mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, tengeni lita moja ya maji ya mvua au ya kunywa kwa kusuuza mwisho, maana chumvi hukakamaza nywele na kuacha utando. Kisha kausha kabisa, kwa jua au draya isiyo na moto mkali. Hili nalisisitiza kwa dada zangu wa hijabu na kwa wanaovaa kofia kazini: nywele mbichi zikifunikwa hutoa harufu, na mba hushamiri. Osha asubuhi ya siku ya mapumziko, si usiku.

Usiku funga kitambaa cha satini au tandika foronya ya satini. Pamba hunyonya unyevu na kukwaruza. Abiria wa bodaboda vaeni kitambaa chembamba chini ya helmeti, kinapunguza msuguano ukingoni na kinaweza kupunguza hatari ya mapunye ya abiria aliyetangulia.

Mafuta ya nazi yana kazi yake, lakini wengi huyatumia kwa wakati usiofaa. Huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Kwa hiyo pakeni kabla ya kuosha, nusu saa au usiku kucha, vijiko 2 hadi 3 vya chai kwa kichwa cha wastani. Kumimina mafuta kila siku kwenye ngozi iliyosukwa kunakusanya vumbi tu.

Kufumua ndiko kunakoharibu nywele nyingi, na sababu yake ni haraka. Kwanza pima urefu wa nywele zako, ongeza sentimita 5, kata rasta chini ya hapo, wala usikisie. Fumua kwa mkia wa kitana. Kwenye shina utakuta kivimbe cha kijivu: ni vumbi, mafuta, na zile nywele zilizodondoka zikajisokota. Usikimwagie maji! Kikilowa kinakaza, na hapo watu huchukua mkasi. Paka kondishona nzito au mafuta kwenye kivimbe, subiri dakika 10, kitenganishe kwa vidole ukivutia pembeni na si kuelekea chini. Ukishamaliza kichwa chote, gawa mafungu 6 au 8, chana kila fungu kwa chanuo kuanzia nchani kupanda juu, lifunge. Ndipo uingie kwenye maji, mafungu yakiwa yamefungwa vilevile. Baada ya hapo acha kichwa wiki 1 hadi 2 bila kukiongezea uzito. Wiki 8 ndio mwisho kabisa wa rasta. Zaidi ya hapo mashina yaliyokua hujifunga yenyewe kwa yenyewe, na muda uliouokoa unalipwa wote siku moja.

Nywele za uzi nazitetea kwa moyo wote, kwa sababu vijana wameziacha wakidhani ni za bibi. Ukiziviringishia uzi mweusi wa nywele zikiwa na unyevu kidogo, kuanzia sentimita moja juu ya shina, ukalala nazo, asubuhi zimenyooka bila moto. Zinakaa wiki nzima kama zilivyo, au unafungua na kusokota mabutu makubwa 12 ambayo hayajifungi. Kosa ni kukaza uzi shinani. Anza kwa kulegeza, kaza katikati.

Hili linawagusa sana mabinti waliomaliza kidato cha nne. Shule nyingi za serikali huwataka wanafunzi wanyoe, kwa hiyo wanaanza kufuga wakiwa wakubwa bila mazoezi yoyote. Wasikimbilie rasta nywele zikiwa na sentimita 3. Mpaka zifike sentimita 5 hivi, wazikate vizuri zilingane, wazioshe kila wiki. Hakuna mtindo wenye kazi ndogo kuliko nywele fupi, na ni mtindo kamili, si hatua ya kusubiri. Msijisumbue na majina ya aina za mkunjo, 4B na 4C. Angalieni unene wa unywele mmoja na wingi wake kichwani, ndivyo vinavyoamua mzigo.

Dredi zinafaa kwa asiyetaka kufumua kabisa. Mwaka wa kwanza una kazi, zinakomaa kati ya miezi 12 na 18, kisha kuosha na kusokota mashina kila wiki 4 hadi 8 kunatosha. Zinazoharibika nyingi zimesokotwa mara kwa mara mno, mpaka shina limebaki uzi. Nta msitumie, haitoki kirahisi.

Mama aliyejifungua, kati ya mwezi wa 2 na wa 4 nywele zitadondoka kwa wingi. Ni mwili unarudi kwenye hali yake, na nyingi hurudi. Asisukie rasta kuficha ukingo uliopungua, atageuza jambo la muda kuwa la kudumu. Twende kilioni iliyolegea na kilemba vinamtosha.

Mwisho, yapo yasiyo ya msusi. Mabaka yenye magamba kwa mtoto ni mapunye, na yanataka dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka haifiki ndani ya kijishimo cha nywele. Nywele zikipungua utosini kwa mwanamke na ngozi ikawaka, ikawasha au ikaanza kung'aa, aende kwa daktari wa ngozi mapema, maana kijishimo kikishageuka kovu hakioteshi tena. Kwa mlio kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Mfumue siku moja kabla ya kwenda na msipake chochote, daktari aione ngozi ilivyo.