Vinka: Ua la Uani, Sumu, na Dawa ya Watoto

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wazee wetu, shikamooni. Asanteni kwa kuja, maana najua huu ni wakati wa korosho na kila mtu ana kazi yake shambani.

Nimemwomba kijana mmoja anichumie tawi hapo nje, na hakufika mbali. Hili hapa. Wauza miche wanaliita vinka, lakini wengi wetu hatulipi jina lolote, ni ua tu. Mnaliona hapa Mtwara, Shangani kwenye kuta za nyumba, Mikindani kwenye magofu, na makaburini linajiotea lenyewe. Tazameni: petali tano za waridi, katikati jicho jekundu lililoiva. Jani linang'aa, na mshipa wake wa kati ni mweupe. Nikilikata kikonyo, mnaona utomvu huu wa maziwa? Mbuzi anakula kila kitu mtaani, mpaka mifuko, lakini hapa ananusa na kupita.

Kwao ni Madagaska, huko ng'ambo ya bahari yetu hii. Mabaharia na watunza bustani wakalitawanya dunia nzima, na leo linaota popote penye joto. Ukoo wake tunaujua vizuri sisi watu wa kusini. Mbungo, huu tunaokamulia juisi, ni ndugu yake. Mipira ya porini waliyoigema babu zetu zamani ni ya ukoo huohuo. Na msunguti, ule wa sumu ya mishale, naye yumo. Katika karne ya 19, John Kirk, daktari aliyesafiri na Livingstone kwenye mito ya Zambezi na Shire, aligundua kwamba sumu ya mishale ya huko, itokanayo na mmea mwingine wa ukoo huu, inapunguza mapigo ya moyo. Mswaki wake ulikuwa umegusana na ile sumu mfukoni, akapiga mswaki, mapigo ya moyo wake yakapungua! Baadaye ikatengenezwa dawa ya moyo. Basi ukiona maziwa meupe kwenye ukoo huu, heshimu.

Sasa habari ya ua letu. Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kwa ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja Mkanada, Clark Noble, alipata majani hayo kutoka huko, akampelekea mdogo wake Robert Noble, mtafiti wa chuo kikuu katika mji wa London, huu ulioko Kanada. Robert akawapa panya dawa hiyo kwa mdomo, na sukari haikushuka kwa kiasi cha maana. Angeweza kuyatupa yale majani. Akaamua kuwachoma sindano, na panya wakafa kwa maambukizi ya bakteria. Alipoipima damu yao akaona chembechembe nyeupe, askari wa mwili, zimepukutika. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi: kitu kinachopukutisha chembechembe nyeupe kinaweza kumsaidia mtu ambaye saratani imezizidisha kupita kiasi. Yeye na mkemia Charles Beer wakatenga kutoka kwenye majani kemikali iitwayo vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958. Wakati huohuo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikiuchunguza mmea huohuo kivyake, ikapata na dawa ya pili, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Zinafanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika, hufuma ndani yake nyuzi nyembamba mno za kuvuta vinasaba vyake pande mbili. Dawa hizi hunasa kile kinachofumiwa zile nyuzi. Seli inakwama katikati ya kazi, inakufa. Na seli za saratani zinagawanyika bila kupumzika, ndiyo maana zinaumia zaidi.

Miaka ya 1950 mtoto mwenye saratani ya damu alikuwa wa kuombewa tu. Leo, kwenye nchi zenye huduma kamili, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye aina inayowapata zaidi watoto wanapona, na vinkristini imo kwenye mchanganyiko wa dawa zao.

Lakini mimi nimekuja hasa kwa ajili ya saratani nyingine, iliyo yetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Uganda, aliandika habari za watoto wanaovimba taya. Baadaye akasafiri kwa gari kutoka Uganda kwenda kusini, hospitali kwa hospitali, akaona uvimbe ule unafuata nchi za chini zenye joto na mvua, kule kwenye malaria. Leo tunajua malaria ya mara kwa mara na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 vinashirikiana kuuleta. Mtwara na Lindi ni nchi ya malaria. Kwa hiyo nisikilizeni, mama zangu na baba zangu.

Mtoto wa miaka minne mpaka saba, meno yanalegea kabla ya wakati wake, shavu linajaa. Mzazi anadhani ni jino, analing'oa. Shavu linazidi. Anapelekwa kwa mganga, anachanjwa, wiki mbili zinapita. Uvimbe huu unaweza kujiongeza maradufu kwa siku moja au mbili! Hakuna saratani ya binadamu inayokua kwa kasi kuuzidi. Wengine huvimba tumbo badala ya taya. Na uchungu wangu ni huu: kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uyeyuke upesi ukikutana na dawa, vinkristini ikiwemo. Watoto wengi wanaowahi wanapona. Iwe hospitali ya Ligula, ya Ndanda, ya Nyangao au zahanati ya kijijini, mpeleke leo, waombe rufaa. Muhimbili wana wodi ya watoto wenye saratani.

Najua kuna anayewaza: basi kama dawa ni hili ua, si nichemshe? Hapana, tena hapana. Ili kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika kama kilo 500 za majani makavu. Mtoto wa miaka sita dozi yake ya vinkristini ni miligramu moja na ushei, inapimwa kwa ukubwa wa mwili, na inaingia kwenye mshipa tu. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikichomwa uti wa mgongo kwa makosa, inaua. Hata ikitolewa sawasawa, nywele hutoka, choo hufunga, vidole hufa ganzi. Sufuria yako jikoni haina kipimo hicho. Humo kuna kemikali nyingine chungu nzima, na hujui umekunywa ipi wala kiasi gani. Mwenye kisukari anayekunywa chai ya majani haya na kuacha vidonge vya hospitali anajiingiza kwenye hatari mbili kwa pamoja. Mjamzito asiguse kabisa.

Mama pale nyuma ameuliza kama ang'oe. Using'oe, mama. Waelekeze watoto wasitafune, basi. Ni ua linalovumilia jua letu, mchanga na upepo wa chumvi, na sijui ua lingine rahisi hivi kwa mwenye kisima cha mbali. Adui yake ni maji yanayotuama, mizizi inaoza. Mbegu zake ni hizi, nyeusi, ndogo, ziko ndani ya vijiti viwili vinavyosimama pale ua lilipodondoka. Zichume vijiti vikianza kugeuka manjano, kabla havijapasuka. Zifukie kidogo, maana zinataka giza ili ziote. Nimebakiza za kutosha kwenye hii karatasi, atakayetaka apite mbele.