Ndani ya Chuo cha Tiba ya Mifugo cha Cornell: kupe, ng'ombe mwenye tundu ubavuni, na mlango upi unakufaa

Habari zenu ndugu zangu wa Morogoro, Arusha, Kabete, na popote mnaponitazama. Hapa ni Ithaca, jimbo la New York, na majengo haya nyuma yangu ni Chuo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Cornell. Swali linaloongoza kwenye maoni yenu huko chini ni hili: nikimaliza kidato cha sita na PCB yangu (fizikia, kemia na baiolojia), naweza kuja moja kwa moja kusomea udaktari wa mifugo? Hapana, na nitaeleza. Ila kwanza mjue hiki ni chuo cha namna gani.

Cornell ilifunguliwa mwaka 1868, na James Law, daktari wa mifugo kutoka Uskochi, akaanza kufundisha hapa mwaka huohuo. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Daniel Salmon, alitunukiwa udaktari wa mifugo mwaka 1876, wa kwanza kutolewa Marekani. Ndiyo, ni Salmon huyohuyo wa salmonela, kundi la bakteria ambalo ndani yake yumo anayeleta taifodi. Aliyefanya kazi ya maabara ya kuwagundua bakteria hao ni msaidizi wake, Theobald Smith, naye pia zao la Cornell. Jina likaenda kwa bosi, mnaijua hiyo. Chuo chenyewe cha mifugo kilianzishwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1894, masomo yakaanza 1896.

Sasa mfugaji sogea karibu. Enzi hizo ng'ombe wa kusini mwa Marekani walikuwa wakisafirishwa kwenda kaskazini wakionekana wazima kabisa, kisha ng'ombe wenyeji waliolisha walikopita wanakojoa mkojo mwekundu na kufa. Smith na Fred Kilborne, mwana Cornell mwingine, wakagawa viwanja. Kimoja kiliwekwa ng'ombe wa kusini na kupe wao, wachanganyike na wa kaskazini. Kingine, ng'ombe wa kusini waliotolewa kupe kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka ngozi ikawa safi. Kingine hakikuwa na ng'ombe wa kusini hata mmoja, ni kupe tu waliomwagwa majanini. Wenyeji waliugua penye kupe, na pasipo kupe wakabaki salama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1893. Ndigana kali ya kwetu ina kimelea chake na kupe wake, yule wa kahawia anayeng'ang'ania sikioni, lakini hoja ya josho ni hiyohiyo: ukidhibiti kupe umekata njia ya ugonjwa. Ukiogesha mgongo ukaruka masikio, umepoteza dawa.

Tuje darasani. Kila mwaka huingia wanafunzi kama 120, na udaktari wenyewe ni miaka minne. Somo la kwanza ni mwili wa mnyama, na halifundishwi kwa mhadhara peke yake. Kikundi kidogo hupewa mgonjwa wa kwenye karatasi, kwa mfano mbwa anayechechemea, na taarifa zinatolewa kidogo kidogo. Wanafunzi wenyewe ndio waseme wanahitaji kujua nini, wakatafute, warudi kuelezana. Mwalimu amekaa pale, haokoi mtu haraka. Aliyezoea kukariri madesa hupata taabu hapa, maana ukimya wako unaonekana.

Kuna na ng'ombe mwenye tundu la kudumu ubavuni kushoto, limezibwa kwa kizibo cha mpira. Mwanafunzi anavaa glavu ndefu mpaka begani, anaingiza mkono kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, na kushika majani yanayochachuka, yana joto. Hilo si onyesho tu. Ng'ombe aliyeacha kula na kucheua baada ya ugonjwa anaweza kupewa maji ya rumeni ya ng'ombe mzima, ili vijidudu vyema virudi. Yanachujwa kwa kitambaa, yanatunzwa yakiwa na uvuguvugu na bila kuachwa wazi hewani, kisha yanamiminwa kwa mpira unaopita kooni. Kwa ng'ombe mkubwa lita 3 ni kima cha chini, na lita 8 hadi 16 ndiyo hufaa zaidi. Kosa linaloua ni mpira kuingia kwenye mapafu. Kabla ya kumimina, nusa ncha ya nje: harufu ya rumeni haifichiki. Akikohoa, au ukisikia pumzi inaingia na kutoka, chomoa uanze upya.

Haya, milango. Udaktari hapa unasomwa baada ya masomo ya chuo kikuu, na wengi huingia wakiwa na shahada ya kwanza. Wanaangalia baiolojia, kemia, kemia ogania, biokemia na fizikia, pamoja na saa ulizofanya kazi na wanyama. Maombi hupitia mfumo wa pamoja wa vyuo vya mifugo, na dirisha hufungwa katikati ya Septemba. Wengi wetu tunakwama kwenye vyeti: matokeo ya nje lazima yachambuliwe somo kwa somo na taasisi ya tathmini, na ofisi ya msajili huko nyumbani haina haraka na mtu. Na mikopo ya serikali ya Marekani haimhusu mwanafunzi wa kigeni. Hapo ndipo ndoto nyingi zinaishia, afadhali ujue leo.

Wewe mwenye BVM yako, shahada ya udaktari wa mifugo ya miaka mitano, kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au Kabete (Chuo Kikuu cha Nairobi), usianze upya. Ukitaka kutibu huku, kuna njia ya madaktari waliosoma nje: uhakiki wa cheti, Kiingereza, mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa vitendo wa siku kadhaa, halafu mtihani wa leseni ya taifa na masharti ya jimbo. Vitendo ndivyo vinavyoangusha. Kuna sehemu ya farasi, ambao wengi wetu hatukuwashika, na kuna kumtoa mbwa jike kizazi huku mtahini akikuangalia mikono. Ukigusa kisichotakaswa ukaendelea kana kwamba hakuna kitu, umekwisha.

Kama moyo wako uko kwenye utafiti, mimi ningekuelekeza kwenye uzamivu. Cornell huwalipia ada wanafunzi wa PhD wa sayansi za tiba, bima na posho ya kujikimu juu. Soma kazi za maabara mbili tatu, uwaandikie wakuu wake barua fupi inayotaja ugonjwa unaoujua kwa mikono yako. Mtu aliyechukua sampuli za ndigana boma kwa boma ana cha kusema ambacho mwombaji wa hapa hana.