Mapovu ya nyota kubwa, na Ngomeni iliyotumalizia saa

SALMA: Assalamu alaikum wasikizaji, hapa ni Malindi. Leo tuna mambo matatu kuhusu vumbi na gesi pale zinapozaliwa nyota kubwa. Lakini Bakari tangu aingie ni kijiji cha Ngomeni tu.

BAKARI: Niache vipi, Bi Salma? Jumamosi tulitoka na mashua, tukapita karibu kabisa na majukwaa ya San Marco, yale ya baharini ya kurushia roketi. Ile miguu ya chuma imevaa chaza mpaka pale maji yanapofika yakijaa. Namuuliza nahodha, kijana wa pale pale, hii ni nini? "Ya Wataliano." Basi! Wallahi iliniuma. Pale ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani.

SALMA: Na jina ikapewa kwa vile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru siku hiyo. Haya, twende kwenye vumbi.

BAKARI: Ndiko niendako! Uhuru ndiyo iliyoona eksirei za chanzo kimoja angani, Cygnus X-1, zikipanda na kushuka upesi upesi. Leo twajua pana shimo jeusi pale, mabaki ya nyota kubwa. Uhuru ilitupeleka mazishini. Infraredi, ile mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inatupeleka kwa mkunga.

SALMA: Hapo sawa. Nyota kubwa, tuseme kuanzia mara 8 ya uzito wa Jua, huzaliwa ndani kabisa ya wingu. Vumbi ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa wingu hilo, na ndilo linalotuziba macho. Lakini hufyonza nuru ya nyota, likapata joto, likatoa infraredi.

BAKARI: Nyingi yake humezwa na mvuke wa hewani kabla haijatufikia. Kwa hewa yetu hii ya bahari, ni lazima upande juu. Laiti Spitzer, ile darubini ya infraredi ya angani, ingerushwa Ngomeni…

SALMA: Ilirushwa Florida, 2003! Nipe nafasi kaka yangu, kwenye picha zake kuna mapovu. Nyota kubwa imesukuma gesi na vumbi vikawa duara, na ukingo wang'aa kwa molekuli za kaboni, kwenye infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikroni 8. Watu wa kawaida, si wanasayansi, walijitolea kuyazungushia alama kwenye kompyuta. Kufikia 2012 yalipita 5,000.

BAKARI: Na kwenye ule ukingo pana nyota changa. Gesi imesukumwa, imeshindiliwa, imezaa. Nyota kubwa ni mzazi.

SALMA: Sikubali. Kuziona pale si ushahidi. Huenda zingezaliwa hata bila kusukumwa. Mionzi ya urujuanimno ya nyota kubwa inavunja molekuli, inachemsha gesi, wingu linatawanyika. Inawanyima wenzake riziki.

BAKARI: Mbona basi zimejipanga ukingoni?

SALMA: Kwa sababu gesi iliyobaki iko ukingoni! Nipe umri wa kila nyota, ndipo tuzungumze.

BAKARI: Hata bila umri, mpango ule si wa bahati.

SALMA: Mimi siondoki hapa.

BAKARI: Wala mimi.

SALMA: Fundi ananyoosha kidole kwenye saa. Darubini ya Herschel hatukuigusa, ya Webb hatukuigusa, wala jinsi nyota inavyoendelea kunenepa ilhali nuru yake inasukuma vumbi nje.

BAKARI: Hilo la kunenepa lingenipa haki.

SALMA: Halikupi. Adhana hiyo, wasikizaji. Tuagane.