Namna ya kutuma nyimbo kumi za elektroniki zikasikilizwa zote

Karibu, mtazamaji. Ukimrushia mtu linki arobaini kwa mkupuo, hafungui hata moja. Leo tunapanga nyimbo kumi tu za elektroniki na za wasanii huru, tunaziweka YouTube, halafu tunazituma WhatsApp zikiwa na mpangilio unaomfanya mpokeaji aendelee kusikiliza. Simu yenye bando inatosha.

Fungua YouTube, ingia kwenye akaunti yako, tafuta wimbo wa kwanza. Kabla ya kuuhifadhi, soma jina la chaneli chini ya video. Muziki huu hupakiwa upya na mashabiki kila siku, na mwenye haki akilalamika video inafutwa, orodha yako inabaki na mapengo. Chukua iliyopakiwa na msanii mwenyewe au lebo yake. Singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ya studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, iliyotoka kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, itafute kupitia lebo iliyoitoa, Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukikuta chaneli ambayo jina lake linaishia na neno Topic, ichukue bila wasiwasi. Hiyo YouTube imeiunda yenyewe kwa faili zilizoletwa na msambazaji, kwa hiyo sauti ni ileile ya msanii, ila badala ya video utaona kava lililotulia.

Bonyeza kitufe cha kuhifadhi, unda orodha mpya, ipe jina. Hapo utaulizwa nani aione. Usiiache ya faragha, maana mpokeaji atafungua linki na kuambiwa orodha haipo. Chagua ile ya katikati, isiyoorodheshwa: mwenye linki anaiona, ila haijitokezi kwenye utafutaji.

Sasa mpangilio, na hapa usiharakishe. Pima kasi ya kila wimbo: weka saa ya simu, hesabu midundo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukihesabu 31, wimbo una midundo 124 kwa dakika, kasi ya kawaida ya muziki wa hausi. Ukihesabu 50, ni 200, na hapo uko kwenye singeli. Ukitoka 124 kwenda 200 ghafla, msikilizaji anashtuka na kuruka wimbo. Ila 100 na 200 zinakaa pamoja vizuri sana, kwa sababu kila midundo miwili ya wimbo wa haraka inaangukia kwenye mmoja wa wimbo wa taratibu. Mwili hauoni tofauti. Kwa hiyo tafuta wimbo mmoja wa midundo 100 hivi, uwe daraja lako kabla ya singeli.

Nyimbo zisizo na mdundo, kama kazi za KMRU wa Nairobi, ziweke pamoja mwishoni. Sababu ni ya kiufundi. YouTube hupunguza sauti ya wimbo uliorekodiwa kwa kelele nyingi, lakini haiupandishi ule wa kimya. Ukiuweka wimbo wa kimya katikati ya singeli mbili, mtu ataongeza sauti ausikie, na unaofuata utampasua masikio.

Kupanga upya, shikilia alama ya mistari kando ya wimbo, uburute juu au chini.

Tuje kwenye linki. Iangalie kwa makini kabla ya kuinakili. Linki ya orodha nzima ina maneno playlist?list= ndani yake. Ukinakili wakati video inacheza, unaweza kuwa umechukua linki ya wimbo mmoja tu. Na ukiona list=RD, hiyo ni mchanganyiko uliotungwa na YouTube wenyewe; mpokeaji hatapata mpangilio wako. Rudi kwenye ukurasa wa orodha, unakili upya.

Wakati mwingine unataka mtu asikie pale biti inapoingia tu. Chukua linki fupi ya wimbo, ile ya youtu.be, ongeza ?t=75 mwishoni, nayo itaanzia sekunde ya 75, yaani dakika moja na sekunde 15. Kama linki tayari ina alama ya kuuliza, andika &t=75 badala yake. Ukiweka alama mbili za kuuliza, video inaanza mwanzo.

Usirekodi skrini na kutuma kipande cha video. WhatsApp inaibana, na kinachoumia kwanza ni matoazi na sauti za juu, zinageuka mchakacho.

Kwenye ujumbe andika mistari miwili: unaanza na wimbo gani, na usikilize nini ndani yake. "Sikia besi inavyoingia dakika ya pili" inamvuta mtu kuliko "hii kali sana". Ongeza ombi la kutumia eafoni. Spika ndogo ya simu haitoi besi ya chini, na wimbo wa elektroniki bila besi ni nusu yake tu. Mwenye bando dogo mwambie apunguze ubora wa picha hadi 360p. Kinachokula bando zaidi ni picha, sauti yenyewe hula karibu megabaiti moja tu kwa dakika.

Chini kabisa weka linki ya albamu mbili au tatu kati ya hizo kwenye Bandcamp, duka la mtandaoni ambako msikilizaji hununua muziki wa msanii. Pale Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili, na kuna Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020, ambazo haichukui fungu lake kabisa. Malipo hupita kwa kadi au PayPal.

Kabla ya kutuma, ifungue linki kwenye simu nyingine isiyo na akaunti yako. Nyimbo zote kumi zikionekana, tuma.