Watalii 150 kwa Saa 3

Asalaam aleikum. Karibuni nyote, wa hapa Lindi mjini na mliotoka Kilwa alfajiri.

Leo tunazungumzia wageni wa Kilwa Kisiwani: wengi wa meli kubwa wapitao kwa saa chache, na wachache wanaolala majumbani mwenu. Tuanze na hesabu, tuseme hivi. Meli imetia nanga karibu na Kilwa Kisiwani, imeshusha watu 150, nao wana saa 3 tu. Mwongozaji mmoja kwa watu 10 maana yake waongozaji 15. Mkiwa nao wanne, kila mmoja anavuta karibu watu 40, na wa nyuma hasikii kitu. Asiyesikia huzurura, na mzururaji ndiye anayepanda ukuta apigwe picha.

Kuta za Msikiti Mkuu, gofu la msikiti wa kale kisiwani, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa ikishalika kwa mvua, mguu mmoja juu ya ukuta unatosha kung'oa jiwe. Pale lilipotoka maji yanaingia ndani, na masika yakija kinaporomoka kipande kizima. Msikimbilie saruji kuziba: ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji hunaswa nyuma yake na jiwe ndilo linalolika. Magofu haya na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatoka 2014. Huko hatutaki kurudi.

Na fedha je? Hao 150 wanakula melini, wanalala melini. Kisiwani wanaacha kiingilio, ujira wa mwongozaji, pengine na bei ya mkeka. Lakini wageni 6 wakilala kwenu siku 3 ni vitanda 18 na milo 54: samaki wa mvuvi, nazi, mkate wa kumimina, nauli ya mashua.

Ila tusiupambe utalii huu mdogo. Boti la mashine likibeba watu wawili linakunywa petroli karibu sawa na likibeba kumi, afadhali tanga upepo ukiruhusu. Na dalali akishika fedha zote, mwenye nyumba hubaki na shuka za kufua. Bei iandikwe, mwenye nyumba alipwe mkononi mwake, chandarua kisiwe na tundu, choo kiwe na komeo. Mgeni hadai marumaru.

Kinachosahaulika kabisa ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, saa ile ile wapangaji wa safari waipendayo. Mashua inakwama mbali, mgeni anashuka na viatu vyake, anavunja matumbawe, anapita katikati ya akina mama wanaochokoa pweza. Hapo amekanyaga shamba la mtu. Bamvua wavusheni alasiri, maji yakijaa. Asubuhi iacheni kwa siku za maji mafu, yasipopwa sana.

Meli ikija hata hivyo, gaweni watu makundi matatu ya 50: moja Gereza, ile ngome ya kale, moja Msikiti Mkuu, moja Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, kisha yabadilishane. Husuni Kubwa iko mbali, hesabuni na mwendo wa kwenda huko. Waongozaji ni wale wale 15. Nahodha akisema ratiba yake haibadiliki, mwambieni kuhusu Venice: mwaka 2021 Italia ilizuia meli kubwa kupita mbele ya mji ule wa kale, na baadhi yake zikaelekezwa Marghera, kwenye bandari ya viwanda.