Sheikh Kaluta Amri Abedi: sheria iliyofungua mlango

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh wetu, mapadre na wachungaji mliofika, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenyeji wa hapa Dodoma, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye jina lake wengi tunalisikia linapotajwa uwanja wa mpira wa Arusha, na baada ya mchezo kwisha hatuulizi alikuwa nani. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, mshairi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na alifariki Ujerumani mwezi Oktoba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Leo sitasimulia maisha yake yote, kwa kuwa ninalo neno moja ninalotaka kulieleza vizuri: kwamba kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho wengine wamekifanya ukuta wa kuwazuia watu, kilikuwa mlango, na sisi watu wa bara ndio tuliopita hapo.

Tuanze na mahali alipotoka. Ujiji iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mbali kabisa na Lamu, Mombasa na Pemba, ambako ushairi wetu mkongwe ulilelewa. Hata hivyo Ujiji haikuwa ngeni kwa Kiswahili, kwa sababu ulikuwa mji wa mwisho wa njia ya misafara, ile ile iliyokatiza hapa Ugogo, na mwaka 1914 reli ya kati ikafika Kigoma, jirani yake, ikiwa imepita Dodoma. Mtoto wa Ujiji alikikuta Kiswahili sokoni, msikitini na uani kwao. Alichokikosa ni ule ujirani wa malenga wa pwani, ambao kwao kanuni za utunzi hazikuhitaji kitabu: kijana alikaa karibu na mzee, akasikia, akakosea, akasahihishwa, hata sikio likazoea. Kanuni hizo Amri hakuzibuni. Alizikuta vinywani mwa watu, akaziweka katika maandishi, ili yule ambaye hana mzee wa kumsahihisha naye apate pa kujifunzia.

Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa mistari miwili niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya siku ya leo:

Mbegu ya mtama haba, ukiipanda mapema,
Huwa chakula cha shiba, kwa watoto na kwa mama.

Hesabuni kwa vidole. Kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, na kila mstari una kumi na sita. Vina vya kati ni "ba", na vya mwisho ni "ma". Sasa angalieni maneno mawili yaliyo katika kipande cha kwanza. "Mbegu" ina mizani mbili, kwa sababu m na b hutamkwa kwa pigo moja: mbe-gu. "Mtama" una mizani tatu, kwa sababu m yake husimama peke yake: m-ta-ma. Aliyezaliwa katika lugha hii hajiulizi lolote. Sikio lake limekwisha kuhesabu. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya Kigogo nilihitaji kuambiwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyeniambia, akigonga meza kwa kidole kwa kila mizani, na tangu siku ile sijasoma shairi pasipo kuusikia mlio ule wa kidole.

Amri alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika si shairi. Mwaka 1974, miaka kumi baada ya kifo chake, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, mjadala mkali ukazuka, na wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wakakishika kitabu cha Sheikh kama hati ya mashtaka. Naheshimu hoja yao, lakini sioni kwamba ni haki kukitumia hivyo. Kitabu cha kumfundisha asiyejua si sawa na kitabu cha kumhukumu aliyechagua njia nyingine. Nao wanaokidharau, wakisema kimewafunga watu minyororo, wamesahau idadi ya watu walioanza kutunga kwa sababu yake.

Kazi yake ya dini haiko mbali na hili. Mwaka 1953 Jumuiya ya Ahmadiyya ilichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na Amri alikuwa miongoni mwa walioifanyia kazi. Waislamu wengi nchini hawakubaliani na mafundisho ya jumuiya hiyo, na si nia yangu kuliamua jambo hilo hapa. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyezoea kupima kila neno la maandiko matakatifu, mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kupima maneno ya mashairi.

Kisha akawa Waziri wa Sheria, mwaka 1963. Mwaka huo ilipitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoziweka Mahakama za Mwanzo, ambamo mwananchi husema shauri lake kwa Kiswahili hadi leo. Mahakama za juu zilisubiri mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawa lugha yao rasmi. Baadaye alikabidhiwa wizara ya maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, lakini hakuikalia muda mrefu.

Namalizia hapa nyumbani. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mkatoliki, na aliandika tenzi za Injili na Zaburi. Kwa vina na mizani vile vile alivyoviandikia sheria yule sheikh wa Ujiji, Mnyampala aliikuza ngonjera, akiwapa watu wawili mashairi ya kujibizana hadharani. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA (Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) vikaanza kutoka mwaka uliofuata. Nilisimama kughani ngonjera nikiwa darasa la nne, mbele ya wazazi waliokaa chini ya mbuyu, mikono nimeiweka nyuma ili mwenzangu asione kwamba nahesabu mizani kwa vidole.