Rangi, Chama na Ramani: Kura ya Mtu Mweusi Marekani

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliopitia hapa baada ya kazi, nawashukuru kwa kuja. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ubaguzi wa rangi na mgawanyiko wa kisiasa Marekani. Mada hii ikiwekwa mezani hapa kwetu, mabishano huwa yaleyale. Mmoja atasema Wamarekani ni wabaguzi, yamekwisha. Mwingine atamjibu: kama ni wabaguzi, mbona walimchagua Obama mara mbili? Wote wawili wanabishania yaliyomo mioyoni mwa watu, na moyo wa mtu hauna shahidi. Mimi jioni hii nataka tuzungumzie kura. Nani aliruhusiwa kuipiga, nani alizuiwa, alizuiwa kwa njia gani, na mambo hayo yalivyotuletea vyama viwili, Democratic na Republican, tunavyoviona vikirushiana maneno kwenye televisheni.

Hoja yangu naisema mapema, mnibane nayo wakati wa maswali. Marekani ya leo, rangi na chama vimefungamana kiasi kwamba mtu anaweza kuipunguzia nguvu kura ya Mmarekani mweusi, akasimama mahakamani akasema, "Sikumlenga kwa rangi yake, nililenga chama chake," na akashinda kesi. Naliona hilo kuwa jambo la hatari sana.

Twendeni kwanza Tuskegee, Alabama. Ni mji mdogo wenye chuo mashuhuri cha watu weusi, kilichofunguliwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington. Palikuwa pia na hospitali ya wanajeshi wastaafu weusi. Kwa hiyo Tuskegee ilikuwa na watu weusi wengi waliosoma, wenye mishahara isiyotoka mfukoni mwa mzungu mwenye shamba, na watu hao walianza kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1957 wabunge wa Alabama wakapitisha sheria ya kubadili mipaka ya mji huo. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukawa na pande 28. Mstari ulipomaliza kuzunguka, kati ya wapiga kura weusi wapatao 400 walibaki ndani wanne au watano. Mzungu hakutolewa hata mmoja. Hakuna aliyebomolewa nyumba wala kuhamishwa. Mtu alilala raia wa Tuskegee, akaamka yuko nje ya Tuskegee.

Charles Gomillion, mwalimu wa sosholojia pale chuoni, alifungua kesi pamoja na wenzake. Wakati huohuo watu weusi wakayasusia maduka ya wazungu mjini. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba kesi yao ilikuwa halali, na kwamba mpaka wa namna ile, kama mambo yalivyodaiwa ni kweli, ni kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kwa nini kesi ile haikuwasumbua majaji? Kwa sababu Alabama ya 1957 ilikuwa, kwa vitendo, nchi ya chama kimoja. Wazungu walioandika sheria ile walikuwa Democrat, majirani zao walikuwa Democrat, na Republican wa kutisha hakuwepo. Hakukuwa na chama cha kusingizia. Ukiwatoa weusi mjini, umewatoa weusi. Lishikeni hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa turudi nyuma. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 15 ya Katiba, mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi. Mwaka huohuo Hiram Revels, mtu mweusi, aliingia Seneti akiiwakilisha Mississippi. Mwaka 1877 serikali kuu iliacha kutumia jeshi kuzilinda serikali za majimbo ya Kusini yaliyoshindwa vitani, na mlango ukaanza kufungwa. Mississippi iliandika katiba mpya mwaka 1890. Ukitaka kupiga kura, lipa kodi ya dola mbili, na usome au ueleze kifungu cha katiba mbele ya karani. Rangi haikutajwa popote. Karani peke yake ndiye aliyeamua kama umeeleza vizuri, na karani alikuwa mzungu. Majimbo mengine yakaiga. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufika mwaka 1904 walibaki 1,342.

Mfumo huo ulidumu zaidi ya miaka 70. Kuona ulivyofanya kazi, mfuateni Fannie Lou Hamer. Alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya pamba, Mississippi, na alikuwa ameishi na kufanya kazi kwenye shamba moja kwa miaka 18. Agosti 1962 alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu cha katiba kinachohusu sheria za de facto, akamwambia akieleze. Mwanamke aliyeacha shule ili achume pamba akieleze kifungu ambacho wanafunzi wa sheria waliomo humu wangetaka kwanza wakapekue vitabu. Akashindwa. Aliporudi, mwenye shamba akamwambia aende akafute jina lake, la sivyo aondoke. Akaondoka usiku uleule. Mwaka uliofuata alikamatwa akitoka kwenye mafunzo ya wapiga kura, akapigwa ndani ya jela ya Winona kipigo kilichomwachia maumivu ya figo hadi kufa kwake.

Aliyeongoza kwa sehemu kubwa kazi hiyo ya kuandikisha watu Mississippi ni kijana wa Harlem, New York, mwalimu wa hesabu, Bob Moses. Namtaja kwa makusudi mbele ya hadhira ya Kitanzania. Kuanzia 1969 hadi 1976 Moses na mkewe Janet waliishi nchini humu, naye akafundisha hesabu Same. Wanafunzi wake leo ni wazee. Inaniuma kwamba tunawakumbuka vizuri waliopita hapa kutoa hotuba, tukamsahau aliyekaa miaka kufundisha.

Mwaka 1964 ndio bawaba ya habari yote hii. Juni 21 vijana watatu waliokuwa kwenye kampeni ya kuandikisha wapiga kura Mississippi waliuawa: James Chaney, mweusi wa hukohuko, na wazungu wawili wa New York, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Miili yao ilifukuliwa Agosti kutoka kwenye tuta la udongo la bwawa. Julai 2 Rais Lyndon Johnson alikuwa amesaini Sheria ya Haki za Kiraia. Tazameni kura za Seneti kwa sheria ile: Republican 27 waliunga mkono, 6 wakapinga, Democrat 46 waliunga mkono, 21 wakapinga. Mmeona? Ukitaka kujua seneta angepiga vipi, usingeuliza chama chake. Ungeuliza anatoka Kusini au Kaskazini. Ubaguzi ulikuwa na wapinzani ndani ya vyama vyote viwili, na ulikuwa na watetezi ndani ya vyama vyote viwili.

Agosti ileile, mjini Atlantic City, chama cha Democratic kilifanya mkutano mkuu. Hamer na wenzake walikwenda kudai viti vya Mississippi, kwa sababu wajumbe waliopelekwa na chama cha jimbo walikuwa wazungu watupu. Hamer alitoa ushahidi mbele ya kamera, akasimulia shamba na jela. Johnson, akiogopa kuwapoteza wazungu wa Kusini, aliitisha waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache mama huyo. Jioni ile televisheni zikaurudia ushahidi wake, nchi nzima ikausikia. Chama kikawapa viti viwili vya kupozea. Wakavikataa.

Na wale wazungu ambao Johnson aliwaogopa aliwapoteza vilevile. Mpinzani wake, Barry Goldwater wa Republican, alikuwa mmoja wa wale sita walioipinga sheria. Novemba alishindwa vibaya karibu kila mahali, lakini Mississippi ilimpa asilimia 87. Jimbo ambalo Republican alikuwa kama mgeni, asilimia 87! Seneta Strom Thurmond wa South Carolina, aliyewahi kugombea urais mwaka 1948 kutetea ubaguzi, alikuwa amekwisha kuhamia Republican Septemba. Wengine walihama polepole, kwa miongo. Tangu mwaka ule hakuna mgombea urais wa Democratic aliyepata kura nyingi za wazungu nchi nzima, na Wamarekani weusi, ambao kabla ya Rais Franklin Roosevelt wa miaka ya 1930 walikuwa watu wa chama cha Lincoln, yaani Republican, wamekuwa wakiwapa Democrat takriban kura tisa katika kumi. Ndugu yangu anayeuliza kuhusu Obama, jibu lako lipo hapa pia. Alishinda urais, ndiyo. Alabama, mwaka 2008, alipata karibu mzungu mmoja katika kumi.

Machi 7, 1965, polisi waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Selma, Alabama, na Agosti 6 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikasainiwa. Uzito wake ulikuwa kwenye kifungu cha 5: maeneo yenye historia ya kuzuia kura hayakuruhusiwa kubadili utaratibu wowote wa uchaguzi bila kibali cha serikali kuu au cha mahakama ya Washington. Waliojiandikisha miongoni mwa weusi wa Mississippi walikuwa chini ya asilimia 7 kabla ya sheria. Mwaka 1967 walikaribia asilimia 60.

Juni 25, 2013, katika kesi iliyoletwa na kaunti ya Shelby, Alabama, Mahakama ya Juu ilifuta, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kigezo kilichoamua maeneo gani yaombe kibali. Jaji Mkuu John Roberts alisema kigezo kimepitwa na wakati, Kusini imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg akajibu kwamba hiyo ni sawa na kutupa mwavuli wakati mvua inanyesha kwa kuwa hujalowa. Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kutekeleza sheria yake ya vitambulisho vya kupigia kura, iliyokubali leseni ya kubeba bastola na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi.

Hapa ndipo Tuskegee inaporudi, ikiwa na sura nyingine. North Carolina nayo ilipitisha sheria mpya ya uchaguzi mwaka 2013. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliifuta, ikisema imewalenga weusi kwa usahihi kama wa upasuaji. Majaji wale walisema kitu ambacho kwangu ndicho haki: ukiwalenga watu wa rangi fulani kwa sababu unajua watapigia chama fulani, huo ni ubaguzi, hata kama nia yako ya mwisho ni kukinusuru chama chako.

Halafu South Carolina. Baada ya sensa ya 2020, wabunge wa jimbo walichora upya eneo la uchaguzi la Charleston, na wakazi weusi wapatao 30,000 wakahamishiwa eneo jingine. Majaji watatu wa mahakama ya chini walisema huo ni ubaguzi. Wabunge wakasema walitaka tu eneo libaki la Republican. Mei 2024 Mahakama ya Juu ilikubaliana na wabunge, sita dhidi ya watatu. Anayelalamika, ilisema, lazima atenganishe rangi na siasa, na kama hana ramani mbadala inayofikia lengo lilelile la kisiasa, majaji watamtilia shaka. Kumbukeni kwamba mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema kuchora ramani kwa faida ya chama ni jambo lisiloamuliwa na mahakama za serikali kuu. Weka hukumu hizo mbili pamoja, muone kilichobaki.

Wapo wenye hoja ya upande wa pili, na ni watu makini. Jaji Clarence Thomas, mweusi, mzaliwa wa Georgia enzi za ubaguzi wa kisheria, alikuwa miongoni mwa wale sita, na anaamini sheria isiangalie rangi kabisa. Wengine husema Democrat nao huchora ramani za kujipendelea, Illinois kwa mfano, na ni kweli. Husema pia kwamba siku hizi wanaume weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini wanawapigia Republican zaidi kuliko zamani, kwa hiyo rangi na chama vinaanza kuachana. Hilo nalo ni kweli, na ningefurahi likiendelea.

Lakini ninachowauliza ni hiki: mpiga kura mweusi wa Charleston alifikaje kwenye chama alichomo? Mwaka 1964 alimkuta aliyeitetea haki yake upande mmoja, na aliyempinga akahamia upande wa pili. Chama chake ni alama iliyoachwa na ubaguzi wenyewe. Kuitumia alama hiyo kumpunguzia nguvu, kisha kusema rangi haimo, ni kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa ambalo hakulitenda.

Na msidhani ilikuwa lazima mambo yafike hapa. Mwaka 2006 Seneti iliongeza muda wa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura kwa kura 98 kwa sifuri, na Rais George W. Bush, Republican, akaisaini. Novemba 2021 ulipoletwa muswada wa kurudisha kile mahakama ilichokifuta, muswada uliopewa jina la John Lewis aliyevunjwa fuvu pale Selma, seneta wa Republican aliyekubali ujadiliwe alikuwa mmoja tu, Lisa Murkowski wa Alaska. Miaka 15 tu imepita kati ya kura hizo mbili. Mwaka 2025 Texas haikungoja hata sensa. Ilichora upya katikati ya muongo kwa faida ya Republican, na California ikajibu kwa ramani yake, kwa faida ya Democrat. Vyama vinahesabu viti. Mzigo wa kuthibitisha kwamba amedhulumiwa, wa kulipa mawakili na kuajiri wataalamu wa kuchora ramani mbadala, uko kwa mpiga kura.

Naishia hapo, mwenyekiti. Nimeona mikono imekwisha kunyooshwa. Tuanze na yule dada wa nyuma.